Mshale Uliotembea Waya Ukiwa Mkononi Mwangu

Waya wa intaneti nilikuwa nimeshauchomoa, nimeushika mkononi, na bado mshale ulikuwa unatembea kwenye skrini ya kompyuta yangu. Unaweza kucheka. Mama Faraja alikuwa amekaa pembeni yangu, muulize.

Nina duka la steshenari Mlabani, hapa Ifakara. Siku hiyo mama huyo alikuja mbio kumwombea binti yake nafasi ya chuo cha uuguzi. Maombi yalikuwa yanafungwa saa kumi jioni. Binti mwenyewe alikuwa Chita kwa mjomba wake, anavuna mpunga, simu haipatikani. Tukajaza jina kutoka kwenye kadi ya ubatizo: Faraja Joseph. Kila nikituma, fomu inakataa. Mara ya tatu kompyuta ikaganda.

"Dada, usiniambie imekufa," mama akasema. "Mwaka jana tulikosa hivi hivi. Na mwaka huu tena? Mwanangu atafukuza ndege shambani mpaka azeeke!"

Nikampigia Deo, fundi wangu aliyeko Morogoro. Huwa namsomea namba inayotokea kwenye skrini, naye anaingia kutoka huko huko na kutengeneza. Simu ikapokelewa. Kimya. Nilisikia mvua tu. Nikadhani ni mtandao, nikaisoma namba.

Mshale ukaanza kazi. Ukafungua fomu, ukafuta "Joseph", ukaandika "Agustino".

"Deo, unafanya nini?" Nikachomoa waya. Mshale haukusimama.

Mama Faraja akanishika mkono. "Mwache! Agustino ni huyo mjomba wake. Ndiye aliyemwandikisha darasa la kwanza, cheti kina jina lake. Nilisahau kabisa." Akanigeukia. "Huyo fundi wako kajuaje?"

Fomu ikakubali, waya ukiwa bado mkononi mwangu. Zilikuwa zimebaki dakika nne. Kisha yakaandikwa maneno mawili: "Poleni, mama."

"Tumeshapoa, baba. Asante sana," mama akaijibu kompyuta, kama anaongea na mtu mlangoni.

Baadaye nikampigia Deo kumshukuru.

"Unanishukuru nini, dada? Leo hujanipigia kabla ya sasa hivi."

Nikadhani ananitania. Akanitumia picha ya orodha ya simu alizopokea: kweli, kabla ya simu hii ya shukrani jina langu halikuwemo kwa siku ile.

Faraja sasa yuko mwaka wa pili. Mama yake aliniletea debe la mchele mpya, akasema nusu ni ya fundi. Nimpelekee nani? Niliogopa, sikufichi, lakini shukrani imeuzidi woga. Kila asubuhi nikiwasha kompyuta, kwanza nasema asante.

Ila wewe usijaribu. Usimsomee namba mtu ambaye hujaisikia sauti yake. Mimi niliangukia mikono ya mwema, na sijui kwa nini.

Deo alikuja mwenyewe kukagua rekodi za mashine. Zinaonyesha kuna aliyeingia siku ile, saa kumi kasoro dakika kumi. Saa aliyotoka haipo.