Bunduki Nyepesi ya Mzee Kabyemera

Karibu ndani, bwana karani, usisimame mlangoni. Majirani zangu ndio wenye tabia ya kusimama. Umesema unatafuta bunduki fupi, nyepesi, ya kupanda nayo milima hii bila kuvunjika mgongo. Ninayo. Ndiyo hiyo ukutani. Iteremshe mwenyewe, vuta hicho kigoda ukae, uipakate nikueleze ilikotoka. Nitakayosema yalitokea kweli. Wazee wawili wa Igurwa waliokuwepo bado wanapumua, waulize. Ukitaka kucheka, cheka sasa.

Ilikuwa kabla ya vita ya pili ya Wazungu. Mimi nilikuwa na miaka thelathini hivi, nina migomba na kahawa yangu hapa Ihanda, Mlutheri wa kuimba kwaya, na kiburi cha kuwatosha watu watatu. Nguruwe pori walikuwa wananimalizia viazi. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alikuwa amenipa kibali cha kumiliki bunduki moja, ila bunduki yenyewe sikuwa nayo. Ndipo nikasikia Mzee Kabyemera wa Igurwa amefariki.

Mzee huyu alikuwa mwindaji wa mgodi wa bati upande wa Kyerwa. Wachimbaji walikula nyama aliyoipiga yeye. Mbogo ndiye aliyemuua. Mzee alimpiga risasi ikampata vibaya, mbogo akaingia kwenye mafunjo, mzee akamfuata. Walimkuta kesho yake amepasuliwa ubavu. Mbogo hawakumwona. Aliacha mjane, Ma Kokutona, na mtoto mmoja wa kiume, Gosbert, fundi cherehani, rafiki yangu tangu tukichunga mbuzi. Aliacha na bunduki mbili. Gosbert hakuwa na kibali, na askari wa boma wangefika siku yoyote kuzichukua zote. Kwa hiyo siku ya nne ya matanga Ma Kokutona akaniita.

"Chagua upesi, mwanangu," aliniambia. "Afadhali moja ikae kwako kuliko zote zilale bomani."

Sasa sikiliza, maana hapa ndipo wengi wanapokosea. Ya kwanza ilikuwa ndefu, nzito, ya kijeshi, imebaki tangu wakati wa Mjerumani. Ukiibeba kutoka hapa hadi bondeni, bega linakufa ganzi. Ya pili ndiyo hiyo uliyoipakata. Mzungu mmoja wa mgodini alimwachia mzee alipokuwa anarudi kwao. Umeona ilivyo fupi? Haikwami vichakani. Umeona hicho chuma kinachofanya kazi kama komeo la mlango? Unainua mkono wake, unavuta nyuma, ganda linaruka. Unasukuma mbele, risasi inaingia. Halafu unaulaza mkono chini. Usipoulaza, hailii. Likumbuke hilo. Nilichungulia mtutu, nikaukuta safi, hauna kutu. Nikaiweka begani, ikanikaa sawasawa. Watu watakuambia bunduki nyepesi inapiga teke bega. Inapiga, ndiyo, lakini teke utalizoea. Ubaya wa hii ni mwingine: ile nzito inakuchosha kabla hujaiinua, unapata nafasi ya kujiuliza. Hii inapanda begani hata hujaamua.

Mimi nikajifanya mjuzi. Nikasema bunduki haipimwi mtu amesimama, mwindaji anapiga amekaa, kiwiko juu ya goti. Nikatafuta pa kukaa. Watu wote walikuwa chini, kwenye nyasi zilizotandikwa ndani, kama tunavyokaa kwetu msibani. Palikuwa na kigoda kimoja tu, karibu na nguzo ya kati, cha marehemu. Kilikuwa kinamngoja Gosbert. Siku ya kuondoa matanga angekalishwa pale, apewe silaha ya baba yake mkononi, watu washuhudie kwamba mrithi ndiye huyu. Hata mtoto wa kwetu analijua hilo. Mimi nililijua, na nikakaa.

Mzee mmoja akasema kwa ukali, "Inuka hapo! Unakikalia vipi, na silaha yake umeishika?"

"Tata, mimi ni mtu wa kanisa," nikamjibu, nikacheka, nikalenga mlango. Gosbert naye akacheka, maskini, ili kunisitiri.

Siku mbili baadaye nikashuka bondeni chini ya Igurwa kuwinda pongo. Jua lilikuwa bado lipo, usije ukasema niliona giza nikalipa jina. Juu ya kichuguu alikaa mtu, amenipa mgongo. Nikamwamkia, "Shikamoo, Tata."

"Marahaba. Umechelewa," akasema, akageuka.

Alikuwa Kabyemera. Nilimwona kama ninavyokuona wewe. Pale pembe ilipompasua palikuwa wazi, naye alikuwa amepaziba kwa nyasi, zile zile tulizotandika msibani. Wewe ungekimbia? Mimi sikukimbia.

"Umekalia kigoda changu na bunduki yangu mkononi," alisema. "Basi mwanangu ni wewe. Yule mbogo hajafa. Mmalize, au akumalize."

"Mwanao ni Gosbert, waitu, bwana wangu," nikasema kwa sauti ya kuomba.

Akacheka. Niamini, kile kicheko ndicho kilichoniharibia usingizi wa maisha yangu yote. "Gosbert hajakaa. Siku akikaa na hiyo mkononi, nitasema naye." Nyuma yake mafunjo yakafunguka, mbogo akatoa kichwa. Jicho moja lilikuwa limekwenda na risasi, na damu ilikuwa inatiririka mbichi kabisa, wakati alipigwa karibu wiki nzima iliyopita. Hakunifuata. Alinitazama tu kwa lile jicho lililobaki, muda mrefu, apate kunijua. Hapo ndipo nilipokimbia mpaka nyumbani.

Sasa nitakuambia nililofanya, na usinitazame hivyo.

Siku ya kuondoa matanga nilikwenda Igurwa na bunduki, nimeipaka mafuta inang'aa. Gosbert alikuwa anakaribia kukaa na mkuki wa babu yake. Nikamzuia mbele ya watu. "Ndugu yangu," nikamwambia, "hii ni haki yako. Kaa nayo. Kibali tutakwenda wote bomani kukuombea." Akaipokea kwa mikono miwili, akakaa, akalia mpaka kitako cha bunduki kikalowa. Ma Kokutona akanipigia magoti, mama mzima, na vigelegele vikapigwa. Wapo watakaosema nilirudisha mali kwa mwenyewe. Na mimi ningesema hivyo, ila nilijua inakuja na nini, na nikafunga mdomo. Nilifurahi! Mlutheri mimi, nilikunywa rubisi siku ile kuliko wote.

Kesho yake asubuhi Gosbert akaja hapa, uso umemparara. "Nimemwona baba njiani, nikienda kuchota maji," akasema. "Nifundishe kupiga, kaka. Leo."

Kwa nini sikumwambia akimbie, ahamie hata Bukoba? Kwa sababu angemuachia nani kigoda, kama si mimi? Nilimfundisha nyuma ya nyumba, haraka haraka. Risasi zilikuwa tano tu, hatukujaribu hata moja. Macho yake yalizoea tundu la sindano, hayakujua kutazama mbali. Nilimwonyesha kuinua, kuvuta nyuma, kusukuma mbele. Kuulaza mkono chini nilisahau kumwambia. Nilisahau. Mpaka leo naapa nilisahau.

Jioni ile alishuka bondeni peke yake. Kesho yake tulimkuta kwenye mafunjo, au niseme tulimkusanya. Mke wangu alikuwepo, na toka siku ile hakula nyama mpaka anakufa. Bunduki ilikuwa kando ya Gosbert, haina hata mkwaruzo, risasi imo ndani, mkono wa lile komeo umesimama.

Na unafikiri mambo yaliishia hapo? Siku ya kuondoa matanga ya Gosbert, Ma Kokutona alinishika mkono mbele ya kijiji kizima. "Sina mtoto mwingine," akasema. "Huyu alimpenda mwanangu kuliko ndugu wa tumbo moja." Akanikalisha, akaniwekea bunduki magotini. Ningekataa kwa maneno gani? Nilirudi Ihanda na bunduki begani na kigoda kichwani. Yule mama aliishi miaka mingi baada ya hapo, na kila mwaka aliniletea mkungu wa ndizi, mzuri kuliko yote ya shambani kwake, kwa shukrani. Nilizila zote.

Bonde lile sijalikanyaga tena, lakini haijanisaidia. Jioni wanakuja wawili, baba na mwana, wanasimama kwenye kahawa yangu. Mzee hucheka. Gosbert anafanya kitu kimoja tu. Anautoa mkono wake mbele, anaugeuza chini. Anautoa tena, anaugeuza chini. Mbogo naye anasogea. Zamani kwato zake nilizisikia bondeni tu. Miaka kadhaa baadaye nikaziona kwenye mikaratusi. Mwezi uliopita zilikuwa kwenye migomba, hapo nyuma ya jiko, na damu yake bado mbichi. Mimi nimezeeka, kifua kinaniuma, na ninaye mtoto mmoja wa kiume, anasomea ualimu. Nikifa nayo, yeye ndiye atakayekalishwa. Hilo siwezi kulikubali, na sitakudanganya kwamba nina aibu ya kutosha kunizuia.

Kwa hiyo shika onyo langu, bwana karani. Ukienda kuchagua bunduki kwenye nyumba ya watu, chukua ile nzito. Ipime umesimama. Na usikae mahali usipojua alikaa nani. Watu wa hapa wanalijua hilo, ndiyo maana hawavuki mlango wangu. Wewe ni mgeni, na umekaa tangu ulipoingia.

Usiinuke kwa pupa, haisaidii kitu. Bunduki ichukue, sikutozi chochote, na kigoda nitakufungia kwenye baiskeli. Jua bado lipo, utafika. Na ule mkono wa komeo unaulaza chini, nimekuambia mapema. Safari hii sikusahau.