Mkoba wa Kahawia wa Mama Zipu

Mtaani wanamwita Mama Zipu. Wengine watakuambia ni kwa sababu anatengeneza zipu za mikoba, mabegi na majaketi, na kwa kazi hiyo hana mpinzani. Majirani wa ukuta kwa ukuta watakuambia ni kwa sababu zipu pekee iliyomshinda kuifunga ni ya mdomo wake. Mimi ni mtoto wa kaka yake, nimekaa naye tangu nilipopata kazi kwenye kiwanda cha uchapaji, na nasema pande zote mbili zimesema kweli.

Shangazi ni fundi wa mitumba. Marobota yakifunguliwa sokoni, wachuuzi humletea mikoba iliyokatika mikanda, iliyochanika bitana, inayonuka kabati la watu tusiowajua. Akimaliza nayo, inang'aa. Sebule ndiyo karakana yake. Meza ya kulia imejaa nyuzi za nta, msasa, makopo ya rangi ya ngozi na miswaki iliyostaafu, kwa hiyo ukitaka kula, sahani unaiweka mapajani. Katika nyumba hii neno "mtumba" ni sifa. "Mkoba mpya umejaribiwa na nani?" hupenda kuuliza. "Mtumba umeshatembea, umenyeshewa, umebebeshwa mizigo ya watu, na bado upo."

Lakini siku ya harusi ya mwanawe alilitumia neno hilo kwa maana ya watu wa nje.

Binamu yangu, mwanawe wa pekee, alimwoa mwanamke aliyewahi kuolewa akaachika. Mwanamke mtulivu, mwenye kazi yake katika ofisi ya bima, asiye na makuu. Shangazi alipopewa habari alinyamaza, nasi tukaingiwa na hofu, maana hatukumzoea hivyo. Siku ya harusi yenyewe, jikoni, katikati ya wanawake waliokuwa wakisuuza glasi, zipu ikaachia.

"Mwanangu mzima, ana afya, ana kazi," alisema kwa sauti ya kuchekesha watu. "Duka zima la vitu vipya liko wazi, yeye kaenda kuniletea mtumba!"

Wanawake wakaangua kicheko. Wakacheka mpaka mmoja akaacha ghafla, akatazama mlangoni. Bibi harusi alikuwa amesimama pale. Alikuwa amekuja kuomba maji ya kunywa. Akapewa. "Asante, mama," akamwambia shangazi, akaondoka na glasi yake bila kuonja.

Kinachoniudhi mpaka leo ni kwamba shangazi mwenyewe aliachika akiwa bado msichana, mtoto bado ananyonya, na mwanamume aliyetaka kumwoa baadaye alizuiwa na ndugu zake kwa neno hilohilo. Alinisimulia kwa mdomo wake. Wanasema nyani haoni kundule. Huyu la kwake aliliona vizuri sana, na bado akacheka la mwenziwe.

Tangu siku ile mkamwana hakumvunjia heshima hata mara moja, na ubaya ulikuwa hapo. Kila alipoingia: "Shikamoo, mama." Kila alipoletewa chai: "Nimetoka kunywa sasa hivi, mama." Alikaa ukingoni mwa kochi, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuitwa kwa daktari. Mjukuu alipozaliwa aliletwa, akapakatwa, akasifiwa macho, akarudishwa kwao. Hakuachwa kulala hata usiku mmoja. Shangazi alikuwa amenunua kitanda cha mtoto. Kiliwekwa chumbani kwangu, nikawa natupia nguo zangu juu yake. Mtu akikutukana unajua pa kumshikia. Anayekuheshimu namna ile humpati popote.

Ndipo binamu akaja na habari kwamba mkewe amepandishwa cheo, na shule zikifungwa watahamia mji wa mbali. Shangazi alitoa hongera zote, akamsindikiza mpaka nje. Aliporudi alikaa mbele ya meza yake bila kushika kitu.

"Wakienda hivi hivi, yule mtoto hatanijua," alisema. "Nataka mama yake aniachie mtoto wakati wa likizo tu. Sitaki kingine."

"Basi mwombe msamaha mkamwana wako."

"Msamaha wa nini tena? Mambo ya zamani yale. Unafukua kidonda kilichopona, iweje?"

"Kimepona kwa nani, shangazi?"

Alinitazama juu ya miwani yake ya kazi. "Nitamfanyia kitu," akasema. "Maneno hata kasuku anayo."

Kitu chenyewe alikitoa chini kabisa ya rundo sokoni. Ulikuwa mkoba wa kahawia wa mbunifu maarufu wa ng'ambo, ule ambao wake za wakubwa huuning'iniza mkononi wakipigwa picha. Huu ulikuwa umeteswa. Kona zimelika mpaka ngozi imeota manyoya, mshikio mmoja umekatika, chini kuna doa la mafuta, na bitana imeoza, ukiigusa inakunata vidoleni. "Huo umeshakufa, Mama Zipu," mchuuzi alimwambia. "Umekufa wewe," akajibiwa. Shangazi aliukagua mshono kwa ukucha, akavuta zipu huku na huku karibu na sikio, akapindua kipande cha ngozi chenye muhuri. Si feki. Akaukumbatia njia nzima hadi nyumbani.

Sijawahi kumwona akifanya kazi kwa raha kama ile. Kwanza aliuondoa uvundo: alitia makaa makavu ndani ya soksi, akayafungia pamoja na mkoba kwenye ndoo yenye kifuniko mpaka harufu ikakubali kuhama. Kisha akausafisha kwa povu la sabuni, povu tupu bila maji, maana ngozi ikilowa hununa. Doa la mafuta alilinyunyizia poda ya watoto, akaiacha ifyonze, akapangusa, akanyunyizia tena. Mshikio aliufumua wote, akaushona upya kwa sindano mbili zinazopishana katika tundu moja, hii ikitoka, ile ikiingia, akifuata matundu yaleyale ya fundi wa kwanza. "Usitoboe jipya," alinionya nilipotaka kusaidia. "Ngozi haisahau tundu."

Kona alizisugua kwa msasa laini, akachanganya vumbi la ngozi na gundi, akajaza palipolika, akasugua tena hadi kidole kisihisi mpaka. Rangi ya dukani ilikuwa nyekundu mno. Akaitia tone la nyeusi, akaijaribu kwenye kipande cha mkanda mbovu, akasonya, akaongeza. Aliipaka kwa sponji, tabaka nyembamba nyembamba, akinikataza hata kufagia karibu, vumbi lisije likatua. Vyuma vya shaba alivisugua kwa dawa ya meno na mmoja wa ile miswaki iliyostaafu mpaka ukaweza kujitazama meno.

Mwisho alikata bitana mpya ya rangi ya maziwa, na ndani, upande wa kulia, akashonea mfuko mdogo ambao mkoba wa aina ile huwa hauna.

"Huo wa nini?" niliuliza.

"Wa funguo. Hujamwona yule? Kila akiondoka hapa anasimama mlangoni anazitafuta, mpaka amwage vitu vyote."

Sikuwa nimemwona. Nilijua basi kwamba miaka yote ile, wakati mimi nikimdhania hamjali, shangazi alikuwa akimtazama mkamwana wake kwa jicho lile analotazamia kazi. Nilimpenda sana saa ile. Nilimuuliza tu kwa nini asimnunulie mpya, hata wa kawaida, akanijibu kwamba mpya hununuliwa na yeyote. Hakuna kilichonigutusha katika jibu hilo. Tulikuwa tumelala na kuamka na mitumba, masikio yetu yalikuwa yameota sugu.

Walikuja kuaga siku ya mapumziko, baada ya chakula cha mchana. Binamu alibeba mtoto begani. Mkamwana alikaa palepale ukingoni, na ule mkoba wake wa plastiki unaobabuka ukaacha magamba kwenye sketi yake. Shangazi hakungoja hata salamu ziishe. Alileta kifurushi, akakiweka mapajani pa mkamwana, akasimama mbele yake akifuta mikono kwenye kanga, ingawa mikono ilikuwa mikavu.

Mkamwana alifungua. Akapitisha kidole juu ya mshono, taratibu, mpaka kwenye kona. "Mama," alisema, "huu ni wangu?"

"Ni wako. Fungua ndani."

Akafungua, akaukuta mfuko. "Na hapa pa nini?"

"Pa funguo zako. Ili usihangaike tena mlangoni."

Akacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka katika nyumba ile. Akatoa funguo, akazitumbukiza, akazitoa, akazitumbukiza tena. Kisha akaegemea kochi, mgongo wote, na nilipopita na sinia akachukua kikombe cha chai akanywa. Binamu alinitazama, akakwepesha macho haraka, nadhani asije akalia. Mtoto alikuwa chini ya meza akiviringisha vibiringo vya uzi. Shangazi alimwonyesha kwa kidevu. "Huyu akija likizo nitamfundisha kushona," alisema.

"Atafurahi, mama," mkamwana akasema. Ndiyo, alisema hivyo. Mimi ni shahidi. "Lakini mkoba kama huu umeupata duka gani? Mbona huu ni ghali?"

Shangazi angeweza kusema, "Siri yangu." Angeweza kusema, "Usiulize bei ya zawadi." Lakini alikuwa fundi aliyeulizwa kuhusu kazi yake, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

"Duka gani!" alisema, uso umemjaa fahari. "Huo mtumba, mwanangu! Ungeuona ulivyokuja! Mtu kautumia mpaka kauchoka, kautupa. Lakini mtumba nao ukimpata mwenye moyo wa kuupokea, unakuwa kama mpya. Hata mtu hawezi kujua."

Nilikuwa nimeshika sinia. Hapo ndipo nililisikia neno lile kwa mara ya kwanza, baada ya kulisikia kila siku.

Mkamwana aliweka kikombe mezani, katikati ya makopo ya rangi. Mgongo wake ulikuwa umeshaachana na kochi. "Kama mpya," alisema polepole.

Shangazi naye sasa alikuwa amejisikia. Mikono ilirudi kwenye kanga. "Sikuwa na maana hiyo, mwanangu."

"Maana ipi, mama?"

Aliuliza bila ukali. Naapa hakukuwa na ukali. Alikuwa amemfungulia mlango wazi kabisa, na kilichobaki ni shangazi kuingia. Ilihitajika sentensi moja, ya aibu, ya kulitaja lile neno la jikoni. Tulingoja sote.

"Nilimaanisha mkoba," shangazi akasema.

"Mimi sikuhitaji mkoba, mama," mkamwana akasema. "Nilikuwa nangoja neno moja tu. Kila tukija hapa namwambia mwanao, labda leo mama atalisema. Unadhani nilikuwa nakuja kufanya nini?"

Shangazi alifungua mdomo, akafunga. Mwanamke ambaye mtaa mzima haujui namna ya kumnyamazisha!

"Chai yako inapoa," alisema mwishowe.

Waliondoka muda mfupi baadaye. Mkamwana aliuchukua mkoba, kwa sababu ni mtu mwenye adabu zake, na mlangoni funguo zilikuwa mkononi. Alikuwa amezichomoa kwenye ule mfuko aliposimama. "Asante kwa zawadi, mama." Mtoto akapunga. Shangazi alipunga hata walipokwisha kukata kona.

Nilimkasirikia siku nyingi. Nilitaka kumwambia kwamba mikono yake ilifanya kazi yote na ulimi ukagoma kufanya yake ndogo. Sikumwambia, kwa sababu nilimwona akikaa mbele ya mikoba ya watu bila kuigusa, wachuuzi wakimpigia kelele, naye akiwajibu kwa upole kiasi kwamba walidhani anaumwa.

Likizo ya kwanza ilipita, na ya pili. Mtoto hakuja. Kulikuwa na sababu nzuri kila mara: safari ndefu, mafua, masomo ya ziada. Binamu hupiga simu na kumpa mtoto aongee, na mtoto husema kwa furaha kabisa, "Shikamoo, bibi wa kwenye simu." Ana bibi mwingine, mzaa mama, anayeishi karibu nao, huyo anamwita bibi tu.

Wiki iliyopita mkamwana ndiye aliyeshika simu baada ya mtoto, akauliza afya kama kawaida. Shangazi alisimama. Sijui kwa nini alisimama, mtu haonekani kwenye simu. Alisema, "Mwanangu, nilikuita mtumba. Siku ya harusi yako, jikoni kwangu, mbele ya watu. Neno hilo halifai kuitwa mtu. Na mimi mwenyewe niliwahi kuitwa hivyo. Nisamehe." Alilisema lote bila kukwama, sauti yake ikiwa ndogo, na mimi niliyekuwa napasi nguo nikaunguza kola ya shati.

Kisha nikaisikia sauti ya mkamwana, tulivu, yenye heshima ileile.

"Nimesikia, mama. Asante."

Wakaagana. Shangazi aliiweka simu mezani, akaketi, akanigeukia na uso wa mtu anayetaka kusaidiwa hesabu.

"Amesema amesikia," aliniambia. "Si ndiyo kusamehe huko?"

Nilitamani sana kumdanganya.

"Amesikia, shangazi," nikamjibu.