Msabaha Hampiti Mtu Njiani

Mwaka ule wa hamsini na nne madereva wa malori Bagamoyo walikuwa wa kuhesabika, mashabiki wao ndio tele. Msabaha alikuwa na shabiki wake mmoja aliyewashinda wote kwa domo: Kulwa muuza vitumbua, Mnyamwezi mzaliwa wa papa hapa pwani. Babu yake alikuja na mzigo kichwani, akautua, asirudi tena. Msabaha naye Mzaramo. Basi walikuwa watani, na mtani hamwonei mtani wake haya.

"We Mzaramo, lori lako linakohoa kuliko bibi yako!"

"Panda, Mnyamwezi, kipumzike hicho kichwa! Mmebeba tangu enzi za mababu!"

Lori lilikuwa la Chandulal mwenye duka, na watu waliliita Haambiliki. Mlango wa dereva ulifungwa kwa kamba ya makumbi. Siku za kazi lilipeleka nazi na abiria mpaka Msata. Lakini Idi Pili, maji yakishakupwa, Chandulal alijitia haoni, na Msabaha akashindana nalo pale mchangani na madereva wenzake wawili. Lo, lilivyokimbia! Hakuna aliyempata, ila mwaka mmoja tu.

Mwaka huo Haambiliki lilikuwa limewaacha wenzake mbali, bendera ya mwisho ile pale! Kulwa furaha ikampanda, akavua kanga ya kichwani akaipunga. "Mzaramo huyooo!"

Lori likafunga breki, mchanga ukaruka, likasimama tuli mbele yake. Msabaha akatoa kichwa nje.

"Wapi, mama?"

"Wapi nini? Endesha, mwendawazimu wewe!"

"Si umenipungia?"

Malori yale mawili yakapita vuu, vuu! Watu walicheka hata wakakaa chini. Msabaha tangu ashike usukani hakuwahi kumpita mtu aliyeinua mkono njiani. Mguu wake ulikwisha zoea, ungejuaje kama leo ni Idi?

Kona zote za njia ya Msata zilimshindwa Msabaha. Aliyemweza ni homa, kitandani kwake.

Siku ya hitima Kulwa alipoingia uani, alimkuta mjane, Bi Zaina, kajikunja mkekani, kanga hadi machoni. Tangu mazishi hajatia kitu kinywani ila maji. Sahani ya wali mbele yake imepoa. Dada zake wamembembeleza, wamechoka. "Atatufia na huyu," akanong'ona Ashatu, dada yake mkubwa.

Kulwa akaangaza huku na huku, akatwaa ungo ukutani, akajifunga kibwebwe.

"Ngrrrr! Paa-pii! Pisheni, Haambiliki hilo!"

Akazunguka ua akikata kona na ungo wake, akikohoa kama lori, mkono mmoja ukivuta kamba ya mlango isiyokuwapo. Wanawake wakaanza kuziba midomo. Mrisho, mdogo wake marehemu aliyekuja kutoka Dar es Salaam, akachungulia mlangoni, uso umemvimba.

"Bi Kulwa! Huna haya? Hapa pana msiba!"

"Mtani hakatazwi, shemeji," Ashatu akamjibu. "Rudi kwa wanaume wenzio."

Kulwa hakusimama. "Ewe Mzaramo!" akapaza sauti. "Mchangani hukushindika, njiani hukushindika, ukaja kushindwa na kitanda, tena kimesimama!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Bi Zaina peke yake hakutikisika. Kulwa akazunguka mara ya pili, jasho linamtoka, utani umeanza kumwishia. Akazunguka tena. Alipokaribia mkeka, ncha ya kanga ikainuka kidogo. Ikapunga.

Kulwa akafunga breki hata vumbi likatimka.

"Wapi, mama?"

Bi Zaina alifunua uso. Macho mekundu, lakini midomo inacheza.

"Jikoni," akasema kwa sauti iliyokauka. "Wali huu umepoa. Nataka wa moto."

"Panda basi. Shika kamba, mlango haufungi."

"Naujua mlango ule, mwanamke wewe! Nimeushika kabla yako!" Akacheka, cheko la kweli lililomtoa machozi mapya, akainuka na kushika kibwebwe cha Kulwa kwa nyuma. "Na honi unaikosea. Msabaha alipiga mbili fupi, moja ndefu."

"Basi piga mwenyewe!"

"Pi-pi-paaaa!" akapiga Bi Zaina, na wanawake wakapisha njia.