Nilichobeba mu Sakoshi

Juzi juzi redio ya jirani ilikuwa inasema juu kuliko kawaida, na mimi nilikuwa nje ninachagua maharagi, kwa hiyo nikasikia yote. Walikuwa wanabishana juu ya watu wanaokutwa na dawa za kulevya kidogo. Si wachuuzi. Mutu tu mwenye kipande chake mufukoni, cha kutumia yeye mwenyewe. Afungwe, ao aachwe apelekwe kwa muganga? Papa mumoja, muzee fulani, akapiga simu, akasema wote wafungwe, bila huruma, na mutu wa familia anayewaficha naye afungwe. Zamani ningemwitikia. Siku hiyo niliinuka na sinia yangu nikaingia ndani, kwa sababu yule papa alikuwa anasema yale yale niliyoyasema mimi.

Mimi ni muuguzi. Ninatumika ku kituo cha afya upande wa Kadutu, na watu wa mitaa yetu wananijua kwa kinywa changu kuliko kwa sindano yangu. Ninafoka. Mama akileta mutoto aliyekwisha kukauka kwa kuharisha, nitamufokea kwanza, kisha nitamutafutia serumu, dripu ya maji. Wananisamehe kwa sababu serumu inafika. Lakini kuna mutu mumoja ambaye alipata kufokewa tu, na serumu haikufika. Ni mudogo wangu, kitinda mimba wa mama yetu.

Alikuwa motari, mutu wa pikipiki tunayoiita moto. Alibeba watu kutoka mujini mpaka Kavumu, na alijisikia sana na ile moto yake. Kila asubuhi aliipangusa kabla hajanawa uso wake mwenyewe. Kisha siku moja ya mvua akaanguka pale Miti, lori lilipomusukuma kando ya barabara. Muguu ulivunjika pabaya. Ni mimi niliyemutunza, na ni mimi niliyemuletea vile vidonge vya nguvu vya maumivu, kwa sababu yeye alikuwa analia, Mama analia pamoja naye, na nyumba yetu ni ya vyumba viwili tu. Muguu ulipona. Hamu ya vidonge haikupona. Nilipoacha kumuletea, alivipata kwingine, na vidonge vilipokosa nguvu akapata unga, ule wa kahawia ambao vijana wanauita tu poudre na wanauvuta kwa moshi.

Niliona yote. Nilimuona anapiga miayo saa tatu za asubuhi akiwa amelala vizuri. Nilimuona anatoka jasho wakati sisi tunavaa majaketi, pua inachuruzika, tumbo linamukata, hasira juu ya kijiko kilichoanguka. Mugonjwa mwingine yeyote angefika ku kituo na alama zile, ningeziandika mu fishi yake ya matibabu bila kufikiri. Kwa mudogo wangu niliziita utundu. Nilimwambia, "Wewe uko unatuchezea akili." Akavuta blanketi, akajifunika.

Na hapa kwetu utundu uko na dawa yake ya nyumbani. Mutoto akikushinda, unashuka ku polisi, unamutafuta ofisa unayejuana naye, unamuomba akufungie mutoto siku mbili tatu mu kasho, bila karatasi, bila kesi, akione cha moto kidogo. Siku ya mwisho unakuja kumutwaa, anatoka ananuka, ametulia. Wanafanya hivyo watu wazuri, watu wa kwaya. Jirani wetu wa chini alifungisha kijana wake aliyeuza mabati ya baba yake, na yule kijana leo ni fundi, ana bibi na watoto. Hiyo ndiyo hadithi tunayopenda kusimuliana. Wale ambao kasho iliwaharibu, hatuwasimulii.

Asubuhi moja — siku ya mbili ya juma, wala siwezi kuisahau — nilikuwa ninafua suruali yake. Mu mufuko mudogo, ule wa mbele, nikakuta kikaratasi cha daftari kilichokunjwa mara nyingi. Kilikuwa kidogo kuliko kucha ya kidole gumba. Nilikifungua, nikauona unga wenyewe, nikakifunga. Ningeweza kukitupa mu choo. Hatua kumi tu. Lakini nilikuwa na hasira, na mimi nikiwa na hasira ninataka haki yangu. Nilitaka ofisa asinione kama mwanamuke anayepayuka tu. Nikakitia mu sakoshi, mukoba wangu wa begani, kati ya rozari na kadi yangu ya kazi, nikashuka mulima kwa muguu, huku ninasalimia watu njiani.

Ofisa alikuwa shemeji ya mwenzangu wa kwaya. Alinipa kiti.

"Chef," nikamwambia, "ninaomba munifungie mudogo wangu siku tatu tu. Mumutishe. Siku ya ine nitakuja kumutwaa."

Akacheka. "Ile ya kila siku. Amefanya nini?"

Nikafungua sakoshi, nikaweka kile kikaratasi juu ya meza yake. Aliacha kucheka, hata kalamu aliiweka chini. Alisukuma kiti chake nyuma, mbali na meza, akauliza kwa sauti ndogo, "Maman, hii iko ya nani?"

"Ya mudogo wangu."

"Na yeye iko wapi?"

"Iko nyumbani, analala."

"Kwa hiyo yeye analala, na hii kitu imetembea mu sakoshi yako mpaka hapa." Alikuwa ananihurumia, hilo niliona. "Maman, juu ya nini ulileta? Ungekuja mikono mitupu, tungemuchukua tu kimuchezo-muchezo, tumurudishe. Sasa hii..."

Hakumaliza. Mukubwa wake aliingia kutafuta muhuri, akaona meza, akauliza ni nini. Ofisa akamwambia. Huyo mukubwa hakuwa na ubaya wowote, alisema tu kwamba kitu kikishafika juu ya meza kinaandikwa, kidogo ao kingi, na kwamba kuna majina mawili tu yanayoweza kuandikwa: la mutu aliyekuja nacho, ao la mutu ambaye huyo aliyekuja atasema ni chake. Akanitazama. Nikafikiria kazi yangu, kadi yangu, blouse yangu nyeupe iliyopigwa pasi. Sikufikiria muda murefu. Nikasaini kwamba kilitoka mu mufuko wa mudogo wangu, na sahihi yangu ilikuwa nzuri, kama ninavyosaini fishi za wagonjwa.

Walipanda kumuchukua akiwa bado amelala. Mama alikuwa sokoni na vitunguu vyake. Aliporudi, majirani walikwisha kumuambia, naye akakaa chini pale pa mulango akasema kuna mutu amemuchongea mutoto wake, kwamba watu wa hapa wako na wivu. Alinigeukia mimi, mutoto wake mukubwa, mwenye masomo. Nikasema, "Ni wivu, Mama."

Siku ya ine nilienda kumutwaa, kweli nilienda, hata nilimubebea shati safi. Ofisa hakuniangalia usoni. Faili ilikuwa imekwisha kupanda ku parke, kwa mwendesha mashtaka, na ikishafika kule haishuki kwa maneno ya shemeji. Mudogo wangu alikuwa amelala juu ya simenti. Zile siku tatu alitapika mpaka hakubaki na kitu cha kutapika, na mufungwa mumoja, mutu ambaye sikumujua na sitamujua, alikuwa anamushika kichwa. Niliomba niingie na serumu. Wakasema nitaona kule gerezani. Mimi nilijua nini kilikuwa kinamupata, saa kwa saa, nilisomea hivyo vitu na nilipata alama nzuri.

Alikaa gerezani miezi munane, bila kusomewa hukumu. Kule ndani wanapewa vungure, mahindi na maharagi yaliyochemshwa pamoja, mara moja kwa siku, na siku zingine hata hiyo moja haifiki. Mutu anaishi kwa chakula cha kwao. Kwa hiyo Mama alipika, bugali, sombe, sambaza za kukaanga, na mimi nilibeba, kila siku ya tatu, katikati ya juma, na kila siku ya mungu. Mara ya kwanza mudogo wangu alipokea sahani, akala nusu, kisha akapangusa mudomo.

"Yaya, dada yangu, walinisomea PV ya polisi. Jina yako iko kule chini."

Nikamumiminia maji tu. Mimi, mwenye kinywa.

"Usimuambie Mama," akasema. "Akijua, atakufukuza. Na ukifukuzwa, nani ataniletea chakula?"

Heri asingesema hivyo. Ningependa anitukane. Nilirudi na sahani tupu, Mama akauliza kama amekula vizuri, nikasema amekula vizuri.

Lakini kilichonimaliza ni sala. Kila wiki mu shirika letu, jumuiya ndogo ya kanisa, wakati wa maombi, Mama alikuwa anasimama na kuomba juu ya yule mutu aliyemusaliti mutoto wake, Mungu amuguse moyo, asimuhukumu haraka, kwa sababu labda hakujua alichofanya. Hakumuombea mabaya hata siku moja. Na watu wote waliitika amina. Nami niliitika, tena kwa sauti, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa ninaongoza nyimbo.

Walimuachilia asubuhi moja na karatasi yenye muhuri, bila maelezo. Alitoka na kifua kikuu. Nilimutibia ku kituo changu, kila siku nilimupa vidonge na kumuangalia anavimeza, miezi sita, na alikuwa anafungua kinywa kunionyesha kama mutoto mudogo. Moto ilikwisha kuuzwa kwa kulipa avoka, wakili wake. Sasa anaziba matairi ya moto za wenzake chini ya barabara. Ile poudre ameirudilia mara mbili ambazo mimi ninazijua, akaacha tena. Ananisalimia vizuri. Hatukuzungumza tena juu ya jina lile la kule chini, na Mama hakujua kitu, mpaka wiki ile ya redio.

Ilikuwa siku ya posho, Jumamosi, saa kumi hivi. Mama alikuwa anamenya viazi pa mulango, mimi ninapanga nguo. Jirani wetu wa juu akashuka, mama mujane mwenye binti mumoja. Hakukaa hata kidogo. Akafungua fundo la kitenge chake, akaweka kitu juu ya kigoda: kikaratasi cha daftari, kimekunjwa mara nyingi.

"Iko ya binti yangu," akasema. "Maman muganga, unisindikize ku polisi. Wewe unajuana na bale watu. Bamufunge siku tatu tu, bamutishe."

Maneno yangu yenyewe, hata hesabu ya siku.

Mama akatikisa kichwa. "Usiende kule, mama. Unaona sisi? Mutu mubaya alitupelekea mutoto kule, akarudi na kifua."

Nilikuwa nimeshika shuka, nikaliweka. "Huyo mutu ni mimi, Mama."

Nikasimulia. Suruali, sakoshi, meza, sahihi. Nilimuelekea jirani nikisimulia, kwa sababu upande wa Mama sikuweza. Nikamwambia, "Siku ile, ule unga haukuwa kwake. Alikuwa amelala. Mutu aliyepita mujini na dawa ya kulevya ni mimi. Na sasa ni wewe, uko nayo mu kitenge. Ukifika nayo pale, utakuwa ni wewe ao binti yako, na utamutaja binti yako. Mimi ninakuambia utamutaja."

Kisu cha Mama kilikuwa kimesimama. "Ulisaini?"

"Nilisaini."

"Na zile amina?"

"Niliitika, Mama."

Akarudia kumenya. Kiazi kile kile, kilikuwa kimekwisha kumenywa, akaendelea kukikata mpaka kikabaki kidogo mu mukono wake. Hakulia. Ningeweza kumufariji kama angelia, ndiyo kazi yangu.

Wakati huo mudogo wangu akafika kutoka kazini, mikono myeusi ya matairi. Alisimama pale pa mulango. Kikaratasi kilikuwa bado juu ya kigoda, na alikitambua kabla ya kututambua sisi. Nikakifunika na mukono wangu. Nikaogopa kwamba kwa mara ya pili nilikuwa nimemuwekea kitu hiki mbele yake.

Hakuingia. Kutoka pale pale akamuuliza jirani, "Maman, binti iko wapi sasa?"

"Iko mu chumba. Nimemufungia."

"Anatetemeka?"

"Anatetemeka."

"Anatapika? Amekunywa maji?"

"Sijui, mutoto wangu."

"Nani iko naye?"

Jirani akasema hakuna mutu. Mudogo wangu akamwambia, "Twende," akageuka, na bila kunitazama akasema, "Yaya, tafuta serumu."

Nilitupa kile kikaratasi mu choo. Hatua kumi, nilizihesabu. Nikanawa mikono kwa sabuni, nikakimbia ku kituo, nikarudi na serumu mbili mu sakoshi. Nilipopita pa mulango wetu, Mama alikuwa amekaa vile vile, na hakuinua macho. Mpaka leo ananipa chakula na kunijibu salamu, lakini mu shirika ameomba mutu mwingine aongoze nyimbo.

Kule juu, mulango ulikuwa wazi. Binti alikuwa ameinama juu ya beseni, na mudogo wangu amepiga magoti nyuma yake, anamushika kichwa kwa mikono miwili, ile mikono yake myeusi, anamwambia polepole kwamba itapita, kesho itakuwa mbaya zaidi, kesho kutwa itapita. Nilisimama pale nje na sakoshi yangu. Nilikuwa ninaona sasa kile ambacho mufungwa asiye na jina alifanya ndani ya kasho, wakati mimi nilikuwa nyumbani ninangoja siku ya ine.

Aliinua macho akaniona.

"Yaya," akasema, "usibaki pale. Ingia."