Utando wa Kijivu wa Modeste

Nilikuwa napepeta mchele nyumbani kwetu, mtaa wa Muhumba, wakati Floribert, aliyefanya kazi na mdogo wangu, aliponipigia simu kutoka maabara ya chuo.

"Dada Godelive, ikala kwanza."

Aliniambia nikae, nikabaki nimesimama. Mdogo wangu Modeste alikuwa ameanguka kando ya mashine yake. Alikuwa amekwisha kufa.

Kazi yake sikuielewa, na hata sasa naandika nikibabaika. Aliyeyusha plastiki iwe kama uji, akachanganya na vijibomba vya kaboni ambavyo jicho haliwezi kuviona. Umeme mkali uliuvuta uji huo kutoka kwenye sindano, ukawa nyuzi, nazo zikajiviringa kwenye pipa linalozunguka, zikawa utando.

"Pipa ikienda polepole, vijibomba vinalala ovyo kama watu mu matanga," aliniambia akicheka. "Ikienda mbio, vyote vinaangalia upande moja, kama banafunzi ku drapeau, asubuhi bendera ikipanda."

"Vikilala sawa, halafu?"

"Umeme inapita muzuri."

Umeme kupita ndani ya plastiki? Niliitika tu. Courant, yaani umeme, ilipokatika pipa lilisimama, naye alianza upya.

Mama yetu, ambaye ni mshonaji, alipokusanya vitu vyake alikuta utando wa kijivu, mwepesi kama wa buibui, umefungwa vizuri kwenye karatasi. Alidhani ni kitambaa cha heshima. Akamfunika nao uso ndani ya jeneza.

Floribert alipouona alinivuta pembeni.

"Dada, iko ile moja tu yenye vyote vimelala sawa. Miezi munane! Tukiizika, hatuna kitu ya kupima, kazi yake imeisha."

Nilimwambia mama. Akanikazia macho. "Mutoto ameitengeneza na mikono yake. Unataka nimuvue?"

Nilisali rozari nzima. Je, ni dhambi kumvua marehemu, au kuizika kazi yake? Nikamrudia mama, nikamwomba kipande tu.

"Upana ya vidole viwili inatosha, maman," Floribert akasema, "lakini tukate kwa kufuata…"

"Uzi inaenda upande gani?" mama akamkatiza.

Floribert akamwonyesha. Mama akachukua mkasi wake, akakata kipande kwa kufuata uzi, ukingo umenyooka kabisa, akampa. Sehemu iliyobaki akaitandaza tena usoni mwa mwanawe. Walielewana, wao wawili. Mimi sikuelewa.

Misa ilianza saa nne. Makaburini mvua ilikuwa imelowesha udongo. Padri alinyunyiza maji ya baraka, wanaume wakashusha jeneza kwa kamba, tukaimba. Mama alitupa udongo wa kwanza, nami nikafuata. Nilisema, "Kwaheri, Modeste, Mungu akupokee." Kisha tukanawa mikono, tukarudi nyumbani.