Gramafoni Niliyoitengeneza Mwenyewe

Jumatatu hadi Ijumaa kaka yangu alikuwa fundi wa reli. Jumamosi mchana, katika ukumbi wa Kaloleni, alikuwa mpuliza saksafoni. Mimi nilipiga gitaa la besi, kwa ukaidi zaidi ya kipaji. Bendi yetu ya watu watano ilikuwa imechoshwa na rumba tupu. Tulitaka jazi iliyochanganywa na fanki, ngoma za Kilatini zikigonga chini yake, muziki wa kumfanya mtu asijue atangulize mguu gani.

Nota hatukujua kusoma. Tulisikiliza kipande cha santuri, tukanyanyua sindano, tukaiga, tukairudisha sindano. Mkanda wa mpira unaozungusha sahani ya gramafoni ulipoanza kuteleza, nilijitia ufundi: nikazungushia plasta ya kidonda kwenye kijiti cha mota, kikanenepa, mkanda ukashika. Nilijisifu wiki nzima.

Baadaye tukapata santuri moja kutoka ng'ambo, na humo mlikuwa na wimbo uliotutia wazimu. Ulikuwa unakimbia, na nota zake zilipanda hadi mahali ambapo vidole vya kaka vilijikwaa. Sisi wengine tulibabaisha tukapita. Yeye kubabaisha hakujua. Hoteli moja ya mjini ilikuwa ikitafuta bendi ya Jumapili alasiri, na muziki wa aina hiyo ndio waliotaka kuusikia. Alifanya mazoezi mpaka midomo ikapasuka. Siku chache kabla ya kwenda kusikilizwa, akaifuta saksafoni, akaifungia ndani ya sanduku lake.

"Hao watu wa kwenye santuri si saizi yangu," aliniambia. "Na usinibembeleze."

Hoteli ikachukua wengine, nasi tukatawanyika. Saksafoni aliipa kanisa.

Miaka minane ikapita. Siku moja, katika duka la santuri Eastleigh, nikausikia wimbo ule ule, lakini wa taratibu, sauti yake ya chini, mtamu. Nikamwambia mwenye duka mashine yake imechoka. Akacheka, akaweka santuri ya mwimbaji tuliyemsikia redioni kila siku, na sauti ikatoka sawasawa kabisa. Hapo ndipo nilipoikumbuka plasta. Kijiti kilichonenepa kilikuwa kikiizungusha santuri upesi kupita kiasi; kumbe mimi ndiye niliyeuharakisha wimbo, nikaupandisha na sauti.

Nilikaa kimya karibu mwaka mzima, na naona aibu kuandika hivyo. Hatimaye nilimwalika kaka nyama choma kwenye soko la Burma, Jumapili moja baada ya kanisa, nikamweleza yote. Nilitamani anikaripie. Hakunikaripia.

"Kumbe nilikuwa naweza," alisema, akiitazama nyama.

Nikaanza kupayuka kwamba hajachelewa, kwamba saksafoni nyingine itapatikana. Aliniacha nimalize.

"Ungeninyamazia tu," akasema. "Nilikuwa nimeshazoea."

Tulikula nyama yote, kwa kuwa ilikuwa imeshakatwa.