Pazia Baina ya Mama na Televisheni

Mwaka huu sijamaliza filamu hata moja. Naanza, mtu anauawa, polisi wanakuja na tochi zao, na kabla muuaji hajajulikana mimi nishalala kwenye kochi mdomo wazi. Kazini, pale Hurlingham, wenzangu wanaulizana wakati wa chai kama umeona ile mpya, ile ya Wakorea, ile ya wezi wa benki, na mimi naitikia tu, "Nimeona mwanzo." Nimeona mianzo mingi. Filamu za siku hizi ni giza tupu: huoni nani anampiga nani, wanaongea kwa kunong'ona, halafu mlipuko unakuamsha. Nikitaka giza ninalo la kutosha stima ikipotea hapa Mountain View.

Kitu pekee nilichokifuata mpaka mwisho ni tamthilia ya saa moja jioni, na hiyo sikuichagua mimi. Iliingia nyumbani kwangu pamoja na mama yangu.

Mama alitoka nyumbani, magharibi ya nchi, na kidonda chini ya mguu kilichokataa kupona. Ana sukari. Daktari aliyemwona huku alisema wazi, mimi nikiwa hapo: kidonda kioshwe na kufungwa hapa kliniki mpaka kifunge, asisafiri, asiukanyagie mguu ovyo, la sivyo utakatwa. Mama alielewa vizuri, ila alikuwa na jambo jingine lililomuuma kuliko mguu. Kwa watu wa umri wake kule kwetu, mama hakai nyumbani kwa mkwewe. Hawali chumba kimoja, hawapeani mkono, na kulala chini ya paa la mkwe ni jambo la kusemwa sokoni. Wengi wameyaacha hayo siku hizi. Mama hajayaacha. Aliingia kwangu ameinamisha kichwa kama mtu aliyeletwa kituo cha polisi, na kila asubuhi aliniuliza swali lile lile: "Mama, narudi lini?" Hivyo ndivyo anavyoniita mimi, mama, tangu nizaliwe.

Mchana nyumba ikiwa tupu alikaa sebuleni, ndipo alipoigundua tamthilia hiyo. Ilikuwa ya ng'ambo, imetiwa sauti za Kiswahili. Matajiri wa jumba kubwa, kila mmoja anazungumza kama msomaji wa habari, na nina hakika padri, mkuu wa polisi na yule mjomba mwovu walitiwa sauti na mtu mmoja mwenye mafua. Kuna mtoto aliyebadilishwa hospitalini. Huwa hakosekani. Mama aliipenda mpaka nikashangaa. "Huyu msichana hajui huyo ndiye mama yake," aliniambia nikivua viatu mlangoni, kwa wasiwasi, kama mambo yametokea kwa jirani.

Mchana walikuwa wanarudia ya jana. Mpya ilikuja saa moja jioni, na hiyo ndiyo saa mume wangu hufika. Mama akisikia hatua zake kwenye ngazi, aliinuka mbio kwenda kujificha chumbani, kwa mguu ule ule. Siku moja nilimkuta amejishikilia ukutani, bandeji imelowa damu. Kesho yake muuguzi alipoifungua aliniangalia mimi, wala si mama. Niliona aibu. Nilikasirika pia, na sikujua nimkasirikie nani.

Halafu mume wangu akaanza kuchelewa. Simu anayo, lakini hasemi yuko wapi. Nimeona mianzo ya kutosha kujua mume anayechelewa huwa anatoka wapi, na nikajiambia sawa, na hili pia lije, limkute mtu ameshachoka. Jioni moja nikateremka kununua maziwa. Nilimkuta kwenye duka lililo chini ya jengo la ploti yetu, amekalia kreti ya soda, begi la kazi magotini, yeye na mwenye duka wameinua shingo kuangalia televisheni ndogo iliyo juu ya friji. Ilikuwa tamthilia ya mama.

"Nangoja iishe," alisema bila kugeuka. "Nikipanda saa hii mathe ataruka tena na hiyo mguu." Kisha akaongeza, "Lakini huyu uncle ni mtu mbaya, ai."

Yeye ni wa Kiambu. Kwao mama mkwe huheshimiwa sana, lakini hakuna kukimbiana namna hiyo, wala mimi sikuwa nimemwambia afanye lolote. Nilisimama pale na pakiti yangu ya maziwa, nikampenda kuliko siku ya harusi.

Basi nikatundika pazia zito kwenye mlango wa korido, baina ya sebule na vyumba. Nyuma yake nikaweka kiti cha mama na stuli ya kupumzishia mguu. Mume wangu akawa kochini anaona, mama yuko nyuma ya pazia anasikia, na mimi katikati nafanya kazi ya mkalimani. "Huyu ni padri, mama. Sasa huyu ni mjomba." Baada ya siku nzima ya kazi na foleni ya kutoka mjini, sauti yenyewe ilikuwa imeniisha. Nikasinzia.

Nilipozinduka, mume wangu alikuwa anaongea na televisheni.

"Ameingia jikoni," aliiambia. "Anaweka kitu kwa chai ya mzee."

Nyuma ya pazia, mama naye akaiambia televisheni, "Asikunywe hiyo chai."

"Anakunywa."

"Ai, jamani, huyu mzee."

Wikendi hiyo nikamuuliza mama kama amezungumza na mkwewe. Alikana kabisa, na alikuwa anasema kweli. Jioni baada ya jioni waliendelea hivyo, kila mmoja akiongea na televisheni yake, na mimi nikalala kwa amani katikati yao. Hakuna aliyeruka tena. Kidonda kikaanza kujaa nyama nyekundu, safi. Hata muuguzi akanichekea.

Kisha wakatangaza kwamba tamthilia iko ukingoni. Mimi niliyelalamika maisha yangu yote kwamba vitu hivi huvutwa kama chingamu, nikaanza kumwomba Mungu wavute. Kwa sababu mama alikuwa ameshasema: "Hii ikiisha, mimi naenda. Nimekaa kwa mkwe imetosha." Kidonda kilikuwa bado wazi. Nilimsihi. Dada yangu alimsihi, pasta wa kule nyumbani akamsihi kwa simu. Aliwajibu wote kwa upole, akaendelea kukunja nguo na kuziweka kwenye begi.

Iliisha Ijumaa. Mjomba alifungwa jela, msichana akamjua mama yake, waliobaki wakaoana. Wimbo ukapigwa, majina yakapanda, likafuata tangazo la sabuni. Nilingoja kiti cha mama kilie akiinuka. Mume wangu hakuzima, wala hakuinuka.

"Huyu mama wa hii hadithi amenishinda," aliiambia ile sabuni, taratibu. "Mgonjwa, na anataka kutoka kwa mtoto wake. Kama ni mimi mkwe wake, ningesema kukaa si aibu. Aibu ni yangu, nikimwacha aende apoteze mguu."

Katika tamthilia hiyo hapakuwa na mama mgonjwa. Tulijua sote watatu.

Tangazo jingine likaja, la unga. Pazia halikutikisika.

"Na hawa watu," mama akaiuliza televisheni hatimaye, "wataanza ingine?"

"Jumatatu."

"Ni ndefu?"

Mume wangu hakuijua hiyo mpya hata jina.

"Ni ndefu sana," alisema. "Hiyo haiishi hivi karibuni."

Nikaenda chumbani, nikafungua begi la mama na kuanza kutoa nguo moja moja. Nilikuwa nalia, na nilikuwa nimechoka mno hata kujificha.